Lukala wa Ziada

Nasikia ziko nchi ambako mtu akitaka kusali inambidi aende mwenyewe, kwa miguu yake, na magoti apige yake mwenyewe. Poleni sana. Sisi tuliondokana na adha hiyo tangu enzi za mababu. Kwetu mtu akishapata uwezo kidogo humwendea mchongaji, akachongewa sanamu ya jiwe laini, viganja vimekutana kifuani, macho makubwa ya ganda la kombe yamegandishwa kwa lami. Sanamu hiyo hupelekwa kwenye Nyumba ya Mungu, ikasimama mbele yake mchana na usiku ikimsalia mwenyewe. Mwenyewe hurudi shambani. Mungu hasumbuliwi na vikohozi vya watu, na watu hawasumbuliwi na Mungu.

Kazi yangu katika Nyumba hiyo ni kupangusa macho. Vumbi letu ni la udongo wa mtoni, jepesi, halina adabu, na sanamu yenye vumbi machoni huhesabiwa kuwa imesinzia. Kusinzia mbele ya Mungu ni kosa, na kosa la sanamu hujibiwa na mwenye sanamu. Kwa hiyo kila asubuhi ninawaokoa watu wengi kwa kitambaa kimoja, na sijaambiwa ahsante hata na mmoja, lakini basi, sisemi haya ili mnihurumie. Sanamu yangu nayo imo mle, karibu na mlango wa jikoni. Imesimama wima kuliko mimi na haina maumivu ya mgongo. Nikiifikia huipangusa kwa heshima zaidi, maana kati yetu wawili yeye ndiye mwenye cheo.

Mungu wetu naye ni sanamu, wa mti uliovishwa dhahabu. Asubuhi huogeshwa, huvikwa nguo, huletewa mwanakondoo wa kuchoma, mikate, tende na pombe ya shayiri, kisha pazia hufungwa ili ale bila kutazamwa. Mungu hula harufu. Nyama inayobaki, na hubaki yote, hupelekwa kwa Mpendwa wa Mungu, yaani mtawala wetu, ambaye kwa unyenyekevu wake amekubali kula makombo maisha yake yote. Amenenepa mno kwa unyenyekevu huo.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mpendwa aliipenda methali hiyo hata akaifanya sheria. Tangu hapo mikutano yote ya nchi hufanyika humo humo ndani, mbele ya sanamu. Kwa nini kuwatoa watu mashambani, na wote wamo, wamesimama, wametulia? Mheshimiwa Enkasa, Msimamizi Mkuu wa Macho, husoma hoja, huuliza kama yupo anayepinga, hungoja kidogo kwa ajili ya haki, halafu hoja hupita. Hatujapata kuona hoja ikianguka. Wageni kutoka miji ya jirani wakija huduwaa kwa umoja wetu, na wengine wamerudi kwao na mchongaji.

*

Siku moja ilisomwa hoja ya mfereji. Mfereji wetu mkubwa ulikuwa ukipita kwenye mashamba ya shayiri ya watu wadogo, na ilionekana afadhali ugeuzwe uende kwenye mitende mipya ya Mpendwa, kwa sababu shayiri hunyweshwa mara kwa mara na kuchosha maji. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mheshimiwa Enkasa akauliza kama yupo anayepinga, na alipokuwa akingoja kwa ajili ya haki, mtu akajibu.

Alikuwa Lukala, mkulima wa ng'ambo ya pili ya mfereji, mtu mrefu, mpole, ambaye siku nyingine zote ungempita njiani usimkumbuke. Aliingia na tope la shambani miguuni. Nilitazama nyayo zake kwenye sakafu niliyokuwa nimeifagia, nikakasirika kabla sijasikia anachosema.

"Mimi napinga," Lukala akasema. "Mkiugeuza mfereji, shayiri yetu itakauka. Nina mtoto. Atakula nini?"

Mheshimiwa Enkasa hakukasirika. Ni mtu aliyesoma, na sauti yake ina mafuta.

"Wewe ni nani, ndugu yangu?"

"Lukala."

"Lukala yupi?"

"Mimi namjua mmoja tu, mheshimiwa."

"Mzee Shulaki," Mheshimiwa akaniita. "Hebu tuonyeshe Lukala alipo."

Nikamwonyesha. Alikuwa safu ya mbele, karibu na nguzo, mahali pazuri, kwa kuwa baba yake aliwahi kutoa ng'ombe.

"Amepinga?"

"La, mheshimiwa."

"Ana uso wa mtu anayepinga?"

"Ana uso mzuri tu, mheshimiwa. Nimempangusa asubuhi."

Mheshimiwa akawageukia wananchi, yaani sanamu, akakunja shuka lake begani. "Ndugu zangu," akasema, "Lukala tunayemfahamu sote amesimama na wenzake kuunga mkono mfereji. Huyu aliyeingia na matope anadai kuwa naye ni Lukala. Serikali hii haina ubaguzi, kwa hiyo tunakubali. Lakini katika nchi hii kila raia ni mmoja. Wakiwa wawili, mmoja ni wa ziada. Sasa nawauliza ninyi wenye macho. Wa ziada ni yupi? Ni yule ambaye amekuwa hapa miaka yote, hakuketi, hakula, hakulalamika? Au ni huyu aliyekuja leo?"

Akangoja kwa ajili ya haki. Hakuna aliyepinga, ukimwacha Lukala mwenyewe, na yeye alikuwa ndiye anayejadiliwa. Askari wakamchukua wa ziada. Nikaenda kuchota maji nifute zile nyayo.

*

Mkewe anaitwa Nindari, nasi tukimwita Mama Abasa kwa jina la binti yake. Alikwenda kwa askari wa lango kumuulizia mumewe, wakamwambia mumewe yuko kwenye Nyumba ya Mungu. Alikwenda kwa waamuzi, wakamwambia hivyo hivyo, tena wakampongeza kwa kuolewa na mtu wa ibada. Akaja kwangu.

"Mzee Shulaki, naomba uniambie kweli. Mume wangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Nilifikiri swali limekwisha.

Akalitazama lile jiwe. "Huyu simtafuti," akasema. "Mimi namtafuta anayekoroma."

"Huyo atakuwa yule wa ziada. Wa ziada hawako kwenye idara yangu."

"Wako kwenye idara ya nani?"

Sikujua, nikampeleka kwa Mheshimiwa Enkasa. Mheshimiwa alimpokea vizuri, akampa na kigoda. Alimweleza kwamba serikali inaguswa, na kwamba jambo lake litapelekwa Idara ya Maini. Ninyi ambao hamna idara hiyo, sijui huwa mnaamuaje mambo. Kwetu huchinjwa kondoo, makuhani wakalisoma ini lake, na kila shauri la nchi lina jibu humo. Kondoo hutolewa na mwenye shida. Nindari alikuwa na kondoo mmoja, akamleta.

Ini lilisomwa asubuhi. Makuhani walilitazama upande huu na upande ule, wakanong'onezana, wakatoa jibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Kisha wakalikaanga na vitunguu. Nindari aliomba ngozi, wakamwambia ngozi ni kielelezo cha kesi na haiwezi kutoka.

Baada ya hapo akawa anakuja kila wakati, anakaa kwenye kizingiti na binti yake mgongoni. Hakulia wala hakupiga kelele. Watu wa kwetu hatupigi kelele sana. Alikuwa anafikiri, nami nilipaswa kujua kwamba mwanamke wa aina ya Mama Abasa akianza kufikiri huwa kuna kazi itakayonijia.

"Mzee," akaniambia siku moja, "wanasema baba Abasa hajapotea kwa sababu yuko hapa. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi asipokuwa hapa, atakuwa hayuko. Na kama hayuko, itabidi watafute alipo."

Nilitafuta kosa katika maneno hayo nisilione. Akaniomba niiangushe ile sanamu, niseme imeteleza. Nikamwambia sanamu haitelezi, na kwamba mwenye kuvunja mtu humu ndani hupewa adhabu ya muuaji. Hakunishurutisha. Aliniambia tu, "Sawa, baba," akaenda zake, nami nikaendelea na safu ya pili.

*

Wakati huo Mpendwa alikuwa amepata wapwa wengi. Kila mpwa alichongewa sanamu kubwa, na macho yenye upana wa sahani, kwa maana kwetu cheo hupimwa kwa jicho. Nyumba ikajaa. Tulikuwa tukipita kwa ubavu baina ya wananchi, na mpwa mmoja alikaa wiki nzima uani kwenye mvua, jambo lililoleta majonzi ya kitaifa.

Sasa, sanamu iliyokwisha kusimama mbele ya Mungu haitupwi. Ni kitu kitakatifu. Desturi ya mababu ni kuchimba chini ya sakafu ya Nyumba, zikalazwa humo taratibu, zikafunikwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetaka yake ilazwe. Wakubwa hawakutaka kwa sababu ya ukubwa, wadogo hawakutaka kwa sababu asiyekuwapo na lake halipo. Mheshimiwa Enkasa alitangaza sokoni kwamba anayetaka kujitolea ajitokeze kwa hiari, la sivyo hiari itamfuata nyumbani.

Nindari akajitokeza. Alifika na nguo safi, akamwambia Mheshimiwa kwamba familia yake ingeona fahari Lukala wake akiwapisha wapwa.

Sijawahi kumwona Mheshimiwa akifurahi namna ile. Alimshika mikono. Siku ya kulaza sanamu zikaletwa ngoma, vinubi na makuhani walionyoa vichwa, na Mpendwa mwenyewe alihudhuria kwa sanamu yake. Mheshimiwa akahutubia. "Lukala alisimama," alisema. "Mvua haikumtikisa. Uvumi haukumtikisa. Hata alipotokea mtu wa kumwigiza, Lukala hakupepesa jicho. Leo, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake uliotukuka, Lukala analala." Kisha akafuta jicho, lake mwenyewe, na kidole.

Tulimlaza shimoni na wenzake. Nindari alitupa udongo kwa mkono wake, nikaona anajizuia asitabasamu. Mimi nikaona sawa tu. Safu ilikuwa imepungua kazi.

Na mnajua, hesabu yake ilitimia. Msimamizi wa matanuri ya matofali, huko wanakopelekwa watu wa ziada, alipata habari kwamba Lukala wa kwanza hayupo tena mahali pake. Ni mtu wa sheria. Alikaa akatafakari kwamba mtu hawezi kuwa wa ziada ikiwa hakuna mwingine, akamfungulia lango, akamwambia aende.

*

Lukala alifika kwake mchana, amekonda, ngozi imebabuka kwa moto. Alisimama mlangoni mpaka alipoambiwa aingie, kwa maana huko matanurini walizoea kusimama wakingoja neno. Nindari alimshika uso kwa mikono miwili. Abasa hakumjua mara moja, halafu akamjua.

Majirani walifika jioni ile ile na vyakula. Nilikwenda nami, kwa kuwa msiba ni msiba. Sote tulikuwa tumesikia ngoma za mazishi, na mtu aliyezikwa na serikali hafi kidogo. Tukaketi mkekani, tukampa Nindari mkono.

"Pole, Mama Abasa," tukamwambia.

"Lakini huyu hapa," Nindari akasema.

"Ndiyo. Alikuwa mtu mwema."

Lukala alikuwa akituzungushia mtungi wa pombe. Alipofika kwangu nikashika kikombe, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Pole kwa yaliyokupata." Akasema, "Tumeshapoa, mzee." Mama mmoja akaanza kumlilia, akimsifu kwa mambo aliyoyafanya akiwa hai, na Lukala akasimama pale na mtungi akisikiliza hadi mwisho, akamshukuru. Tukala, tukatawanyika.

Kesho yake ndipo mambo yalipoanza. Lukala alikwenda kufungulia maji ya zamu yake, yale machache yaliyobaki mferejini, mgawa maji akamwambia zamu ya marehemu hairithiwi na marehemu. Alikwenda kukopa mbegu, akaambiwa alete mtu aliye hai wa kumdhamini, na aliye hai huyo athibitishe kwamba marehemu anatarajia kuvuna. Nindari naye akaonekana akiishi nyumba moja na mwanamume ilhali ni mjane aliye ndani ya eda, na wanawake wa mtaani, wale wale waliomletea mikate, wakaanza kumtazama kwa chini. Kisha wakaja watu wa Idara ya Mizimu. Maiti anayetembea mchana ni mzimu, na mzimu hufukuzwa kwa moto wa lami, ukiwa ndani ya nyumba au ukiwa nje, hawabagui. Walifunga nyasi kavu kuzunguka nyumba, wakawaambia wenye nyumba kwa adabu kwamba wangerudi.

Nindari akaenda mbio kwa Mheshimiwa Enkasa. Nilikuwepo, napangusa wapwa.

"Mheshimiwa, mume wangu yuko hai."

"Mama, ni wewe uliyeomba azikwe."

"Niliomba lilazwe jiwe."

Mheshimiwa akamtazama kwa huruma ya kweli. Mimi namjua, ilikuwa ya kweli. "Mama Abasa, tukisema lile lilikuwa jiwe, basi na haya ni mawe. Na kama haya ni mawe, ni nani aliyepitisha hoja zetu zote? Unataka kuniambia nchi hii imetawaliwa kwa kuungwa mkono na mawe?"

  Mimi niliinamisha kichwa nikamwangalia mpwa miguuni.

Mheshimiwa alitembea kidogo kati ya safu, akasimama karibu na nguzo, pale palipokuwa na pengo. Wapwa walikuwa wanene mno, hakuna aliyeenea hapo. Pengo lile lilikuwa likimkera, hasa kwa kuwa wageni wa mji wa jirani walikuwa wanakuja, na pengo katika safu ya mbele linaweza kueleweka vibaya. Akalipima kwa shubiri zake.

"Mumeo ana urefu gani?" akauliza.

*

Kwa hiyo Lukala yuko nasi. Yeye mwenyewe alikubali. Nindari alimwambia wakimbie, wavuke mto, naye akamwambia kwamba ng'ambo ya mto nako kuna wachongaji siku hizi, na kwamba kusimama anakuweza. Amekuja kwa miguu yake, akakutanisha viganja kifuani, akafumbua macho. Hafukuzwi na Idara ya Mizimu, maana kilichomo ndani ya Nyumba ni kitakatifu. Nyumba yake haikuchomwa. Pazia la Mungu likifungwa mimi humletea mkate, na ninyi mliosoma msianze kuniuliza mkate huo unatoka kwa nani. Nilidhani kazi yangu ingeongezeka lakini haikuongezeka, ni macho mawili yale yale, ila haya hupepesa. Nimemwambia apepese ninapopita na kitambaa.

Nindari huja na mafuta ya kuwashia taa za Nyumba, kama wanawake wengine. Kusema na sanamu hakukatazwi. Kinachokatazwa ni sanamu kujibu. Husimama mbele yake akamweleza habari za nyumbani: mbuzi amezaa, paa limevuja, shayiri imekauka kama ulivyosema. Lukala hutazama mbele. Mimi nilikuwa nikisikiliza mazungumzo hayo nisihisi kitu, nikafika hadi mwisho wa safu na kurudi.

Siku ya wageni Nindari alimleta Abasa. Mtoto alikuwa ameambiwa kwamba baba yake amepata kazi kwa Mungu. Alikuwa amesukwa nywele vizuri. Mheshimiwa Enkasa alikuwa akiwaonyesha wageni safu ya mbele, akiwaeleza umoja wetu ulivyo wa kale, na mgeni mmoja alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa Lukala, akilisifu jiwe kwa jinsi linavyofanana na mtu. Abasa akapenya kati ya wakubwa, akasimama mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

Lukala akatazama mbele. Mgeni akatabasamu, akidhani ni sehemu ya ibada.

"Shikamoo, baba," mtoto akarudia. Kwetu mtoto akiamkia haondoki mpaka ajibiwe, ndivyo wanavyolelewa, na huyu amelelewa vizuri. Hakukasirika. Alingoja tu, ameinua uso. Nikaona koo la Lukala likipanda na kushuka, na Mheshimiwa Enkasa akaliona pia, akaacha maneno katikati. Sheria ya sanamu iliyosema haijatungwa, lakini Mheshimiwa hutunga haraka. Nindari alikuwa mlangoni na chupa yake ya mafuta, na alikuwa akinitazama mimi.

Mimi moyo uliniuma. Nasema wazi, uliniuma, nami nilidhani kitu hicho kilishanitoka zamani. Nikasogea, nikaweka kitambaa kwenye jicho la Lukala kana kwamba nina vumbi la kutoa, nikawapa wote mgongo.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Hujambo?"

"Sijambo," Abasa akajibu. Akavuta pumzi, kama mtu aliyemaliza alilotumwa. Halafu akauliza, "Unarudi lini nyumbani?"

Nikakunja kitambaa, nikaenda kwa sanamu ya pili.